Kuungua, Kuunguza, Kuunguliwa

Saa 3 usiku mjini Saint Paul, Minnesota, wakati wa majira ya baridi, ni saa 12 asubuhi Iringa. Tofauti hiyo ya saa 9 ndiyo iliyokiwezesha kikundi kimoja cha maombi kupata wakati unaowafaa wote: waliobaki nyumbani huifungua siku kwa sala, walio ughaibuni huifunga siku iliyotangulia kwa sala hiyo hiyo, na simu ndiyo kanisa lao. Wala miji hiyo miwili haikukutanishwa na simu. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na sinodi ya Kilutheri ya eneo la Saint Paul zina ushirika wa miaka mingi uitwao, kwa Kiswahili hata midomoni mwa Wamarekani, Bega kwa Bega.

Usiku mmoja wa Januari, mmoja wa wanakikundi alibandika maharage muda mfupi kabla ya sala. Ni mama wa makamo aliyekulia Iringa, na kazi yake huko Marekani ni kuwahudumia wazee katika nyumba ya kuwalelea. Maharage aliyaloweka tangu alfajiri kabla ya kwenda zamu. Aliyatia maji aliyoyakadiria kwa macho, kama alivyofundishwa na mama yake, akasahau kwamba mama yake alikadiria kwa moto wa kuni, naye sasa anapikia jiko la umeme lisilojua kupungua lenyewe. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akavaa hedifoni. Zamu ya kuongoza ilikuwa yake. Aliwaombea wagonjwa kwa majina, akawaombea wajane, akaiombea mvua. Alikuwa amefika kwa wasafiri king'ora kilipolia.

Katika nyumba za kupanga za namna ile, king'ora kikilia hakimlilii mpangaji mmoja. Watu wa milango yote hulazimika kushuka na kusimama nje hadi zimamoto wafike, wakague, na waseme kwamba ni salama. Usiku ule baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Walitoka wakiwa wamebeba watoto ndani ya blanketi. Mlango unaotazamana na wa yule mama ni wa bibi kizee aliyepita miaka themanini, mjane, anayeishi peke yake. Alitoka na ndara za ndani. Ngazi ya nje ilikuwa imeganda barafu. Aliteleza, akatanguliza mkono kama afanyavyo kila aangukaye, na mfupa wa kiwiko cha mkono ukavunjika.

Moto haukuwapo. Palikuwa na moshi, sufuria nyeusi, na kitu kilichogandamana chini yake ambacho hata neno ukoko lingekuwa heshima ya bure, maana ukoko huliwa na watoto huugombania.

Kesho yake usiku, watu walipokwisha kuungana kwenye simu, mama yule alitoa ushuhuda. Alisema kwamba jana aliunguliwa na maharage katikati ya sala, na kwamba adui hakuyapenda maombi yale. Amina zilikuwa nyingi. Mzee wa kanisa aliyekuwa Iringa aliongeza kwamba shetani hutumia hata sufuria. Dada mmoja aliye jimbo jingine akaleta habari za Marta na Mariamu: afadhali maharage yaungue kuliko sala ikatike. Habari za bibi kizee zilitajwa mwishoni, katika orodha ya wagonjwa, bila kuelezwa aliumia vipi.

Haifai kuwacheka. Desturi ya kuokota neno la Mungu katika mkasa mdogo ni ya zamani, nayo ina asili njema. Wanaokulia katika makanisa ya Afrika Mashariki wamesikia mahubiri ya pancha, mahubiri ya ufunguo uliosahaulika ndani, mahubiri ya simu iliyotumbukia majini. Yesu mwenyewe alifundisha kwa chachu, kwa shilingi iliyoangukia vumbini, kwa rafiki anayebisha hodi usiku wa manane akitaka mikate. Teresa wa Ávila aliwaambia watawa wake kwamba Bwana yumo hata miongoni mwa vyungu, na Ndugu Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alijulikana kwa sababu moja tu: aliona kwamba jikoni alikopangiwa kazi, kazi asiyoipenda, Mungu alikuwa karibu naye kama alivyo karibu wakati wa sala. Lawrence, ni haki kudhani, aliangalia moto.

Ila desturi hii ina ugonjwa wake. Msimulizi hutoka salama siku zote. Aliyechelewa basi husimulia jinsi Bwana alivyomchelewesha kwa kuwa basi lile lilipinduka, na wasikilizaji husifu, wala hapatikani mmoja wa kuuliza habari za waliowahi. Swali la namna hiyo lililetwa mbele ya Yesu, kama Luka anavyosimulia katika sura ya 13, akalijibu kwa kuwakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakukubali kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Hakusema pia kwamba walionusurika walipendwa zaidi. Aliwarudishia waulizaji habari zao wenyewe: watubu. Yaani mkasa wa mtu mwingine hauwi dirisha la kuchungulia mipango ya mbinguni. Na mkasa wako mwenyewe, kabla hujauuliza maana yake, yakupasa kwanza uuseme sawasawa.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapomfikisha msemaji mahali pagumu, kwa kuwa kina njia nyingi za kuusema.

Maharage yaliungua. Hiyo ni njia ya kwanza. Kitenzi kinatosheka na maharage, hakimwiti mtu. Watoto wote wa Uswahilini wanaijua njia hii kabla hawajajua kusoma: kikombe kimevunjika, maziwa yamemwagika, hela imepotea. Walimu wa sarufi wataeleza kwamba kuvunjika na kumwagika ni kauli ya kutendeka, na kwamba kuungua na kupotea ni vitenzi visivyohitaji yambwa. Mama wa mtoto hahitaji maelezo hayo. Akiambiwa kikombe kimevunjika, atauliza papo hapo: nani amekivunja? Swali lake ni la sarufi na la maadili kwa wakati mmoja, na watu wazima wengi huko ukubwani hawapati tena mtu wa kuwauliza hivyo.

Niliunguza maharage. Hiyo ni njia ya pili. Sauti moja imebadilika, na mtu ametokea.

Njia ya tatu ndiyo aliyoitumia mama yule kwenye simu: niliunguliwa. Ni kauli nzuri, yenye huruma ndani yake. Aliyefiwa, aliyeibiwa, aliyepotewa, aliyeunguliwa na nyumba: lugha imewatengenezea pahali pa kusimama waliopatwa na jambo ambalo hawakulitenda, na jirani akiisikia kauli hiyo hujua afanye nini, huenda kuwapa pole. Lakini pahali pale ni pa walioumizwa. Mama aliyeacha jiko likiwaka akasema ameunguliwa alikuwa amekalia kiti cha mwenzake. Aliyeunguliwa, kama neno hili lina haki, alikuwa hospitalini akipigwa picha ya mkono.

Hakuyawaza hayo usiku ule. Yalimjia baada ya siku kadhaa, na yalimjia kwa njia ya kawaida kabisa. Alikuwa katika mpango wa kuisoma Biblia yote kwa mwaka mmoja, na aanzaye Mwanzo tarehe 1 Januari, akienda kwa mwendo wa sura tatu au nne kwa siku, huifikia Kutoka 32 kabla mwezi huo haujaisha. Musa ameshuka mlimani, ameona ndama wa dhahabu, anamwuliza ndugu yake Haruni imekuwaje. Haruni anajibu kwamba watu walimpa dhahabu, akaitupa motoni, ndama akatoka.

Mama yule alicheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Aya ya 4 ya sura hiyo hiyo imekwisha kusema kwamba Haruni aliichonga kwa chombo. Msomaji anajua, Haruni anajua kwamba alichonga, huenda Musa naye anajua. Hata hivyo mbele ya ndugu yake anatafuta kitenzi ambacho ndani yake hakuna mikono. Dhahabu iliingia, ndama akatoka, kama maharage yanavyoingia sufuriani na moshi ukatoka. Katika Maandiko yote hakuna udhuru wa kitoto kuliko huu, na umetiwa kinywani mwa kuhani mkuu wa kwanza, mtu aliyechaguliwa kuwa msemaji kwa sababu ya ufasaha wake. Pengine hiyo ndiyo hatari ya ufasaha.

Yapo pia maneno ya mwanamke wa Luka 15, yule mwenye shilingi kumi. Wasomaji wa Kiyunani wataona jambo ambalo ni rahisi kupotea katika tafsiri. Mchungaji anapowaita rafiki zake, humtaja kondoo wake kuwa ni yule aliyekuwa amepotea. Mwanamke anapowaita jirani zake, huitaja shilingi kuwa ni ile aliyoipoteza yeye. Kitenzi ni kile kile, kauli ni tofauti. Kondoo ana miguu, anaweza kujipoteza; shilingi haina. Mwanamke anasema alipoteza, anasema hivyo katikati ya furaha, mbele ya jirani zake, wala furaha haiharibiki.

Waliopata kipaimara katika makanisa ya Kilutheri watakumbuka kwamba Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, ina sehemu ya kuungama, na kwamba sehemu hiyo haimtumi mwungamaji kutafuta madhambi ya mbali. Inamtaka ajitazame mahali alipowekwa: je, ni baba, ni mama, ni mtoto, ni mtumishi? Je, amekuwa mvivu? Je, kuna mtu aliyepata hasara kwa uzembe wake? Uzembe umo ndani ya orodha. Mama yule aliikariri sehemu hiyo akiwa msichana wa shule, pamoja na wenzake, kwa sauti moja, kama jedwali la kuzidisha. Kazi yake ya sasa ni ya mtumishi, na wanaotumikiwa ni wazee ambao wakianguka huvunjika. Kazini hupita kila chumba kutazama kama sakafu imekauka.

Alimpigia simu dada yule wa jimbo jingine, si kwenye simu ya kikundi bali faragha, akamwambia kwamba anafikiri kwenda kwa jirani kusema ukweli. Jibu lilikuwa la haraka na la upendo: usithubutu. Kila mhamiaji hupewa fundisho hilo mapema. Gari likigongana, usikiri. Kazini kitu kikiharibika, usitie sahihi. Kuna bima, kuna mawakili, kuna mkataba wa nyumba wenye kurasa nyingi, na neno moja la unyenyekevu laweza kugeuzwa deni la miaka. Mungu ameshakusamehe, alisema yule dada, yatosha kuomba.

Ushauri huo hauwezi kudharauliwa. Ametoa mtu aliyeona mengi. Gharama za mkono uliovunjika Marekani si jambo la mzaha, na mama yule hakuwa na akiba ya kuchezea. Nyumbani Iringa kulikuwa na mdogo wake chuoni aliyengoja ada. Aliyahesabu hayo. Kwa siku nne alipotoka kwenda kazini alitembea kwa ncha za vidole kwenye ukumbi ili mlango wa pili usifunguke. Jambo lililomsumbua zaidi, kama alivyoeleza baadaye, ni kwamba katika siku hizo nne aliendelea kumwombea bibi kizee apone, kwa jina, na sala ilikuwa ikitoka vizuri.

Tena alikuwa amekwisha kumwambia neno. Usiku ule ule, wakati wahudumu wa gari la wagonjwa walipokuwa wakimfunika, alimwinamia akasema kwa Kiingereza lile neno ambalo husemwa msibani, husemwa mtu akimkanyaga mwenzake, na husemwa pia na mtu aliyeua. Kiswahili kina pole na kina samahani, na mtu hawezi kuzichanganya. Pole humfikia aliyepatwa kutoka kwa yeyote, mwenye kosa na asiye nalo. Mpita njia humpa pole aliyejikwaa. Samahani hutoka kwa aliyekosa tu. Neno la Kiingereza hubeba mizigo yote miwili katika gunia moja, na anayelipokea hana njia ya kujua amepewa upi. Moyoni mwake mama yule alijua. Alikuwa amempa pole.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Alibisha hodi kwa vidole, kwa kuwa hodi ya mdomo haina maana katika ukumbi ule. Bibi kizee alifungua kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu hadi karibu na kisugudi. Mama yule alikuwa ameandaa sentensi yake kwa Kiingereza, na aligundua alipokuwa akiiandaa kwamba Kiingereza humruhusu mtu kutumia kitenzi kile kile kwa maharage yaliyoungua na kwa mtu aliyeyaunguza, ila lazima aamue nani atangulie. Alijitanguliza yeye. Alisema kwamba ni yeye aliyeyaunguza maharage usiku ule, kwamba aliliacha jiko likiwaka akafunga mlango, na kwamba mkono ule umevunjika kwa sababu yake. Kisha akasema lile neno la gunia moja, na safari hii alilisema akijua limebeba nini.

Bibi kizee hakujibu upesi. Alimtazama kwa muda ambao, kwa mtu aliyekuwa akihesabu bima na mawakili, ulikuwa mrefu. Halafu alisema kwamba usiku ule alikuwa amesikia harufu kwa karibu nusu saa kabla ya king'ora. Alijua inatoka mlango wa mbele. Alifikiri kutoka abishe. Lakini walikuwa wameishi wakitazamana kwa miaka mitatu bila mmoja kuugonga mlango wa mwenzake, na aliona haya kuanza kwa kulalamikia chakula cha watu. Akaketi, akaongeza sauti ya televisheni.

Hapakuwa na amina. Walisimama mlangoni, kila mmoja akiwa amesema kitenzi chake. Suala la gharama halikutajwa siku ile, na hadi leo haijulikani kama litatajwa. Bibi kizee ana watoto wake, na watoto wana mawazo yao. Msamaha, kwa maana ya neno lenyewe, nao haukutamkwa. Bibi kizee alimwuliza kama anajua kufungua mikebe ya aina ile yenye kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu tangu atoke hospitalini alikuwa na mkebe mmoja wa matunda mezani asiouweza kwa mkono mmoja.

Mama yule aliingia. Kifuniko kilikuwa kigumu kweli, kikamlazimu kukifunga kwa kitambaa.

Jumatatu usiku, kikundi kilipokutana tena, aliomba nafasi arekebishe ushuhuda wake wa wiki iliyopita. Alisema neno moja tu lilikuwa na kosa, akalitaja, akataja lililo sahihi, akaeleza kwa kifupi habari za ngazi na mkono. Simu ilinyamaza kiasi cha watu kudhani mtandao umekatika. Kisha mzee wa kanisa aliyekuwa Iringa, ambako kulikuwa kunapambazuka na majogoo yakisikika nyuma ya sauti yake, akauliza jina la huyo bibi ni nani, ili safari hii waliombe vizuri.

Alilitaja. Dada yule wa jimbo jingine aliuliza linavyoandikwa.